Usiliwekee bomba la moshi kibati cha kulifunga usiku

Mkuu, mzuie huyo fundi kabla hajakata bati. Umeeleza kwamba unataka kuachana na mafiga matatu na kujengewa jiko la kuni la kufungwa ndani ya nyumba, huko huko Newala, ili lipike na pia limpatie bibi joto katika baridi ya Juni na Julai. Umeuliza bei, kuni zinazofaa na kama mafiga yavunjwe kabisa. Katikati ya maswali hayo umetaja, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba fundi ataweka ndani ya bomba kibati cha kuzungusha, ili moshi ukiisha ulifunge na joto lisitoroke. Mwaka 2019 nami niliambiwa maneno hayo, nikayaamini.

Jiko lenyewe sina ugomvi nalo. Moto wa wazi hupoteza sehemu kubwa ya joto lake, na hata ule unaowashwa chini ya dohani huipa nyumba asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la kuni, ilhali jiko la kufungwa lililojengwa vizuri hufikia asilimia 60 hadi 80. Kosa langu lilikuwa kutaka kuibana hata ile sehemu ndogo inayotoka na moshi.

Usiku ule niliyatazama makaa, nikaona ni mekundu, hayatoi moshi, nikazungusha kibati na kufunga madirisha kwa sababu ya upepo. Mama yangu na mwanangu wa miaka sita walilala kwenye mkeka karibu na jiko, mimi nililala chumba cha pili. Adhana ya alfajiri iliponiamsha, kichwa kilikuwa kinagonga, na nilipofika kizingitini magoti yakakataa kunibeba. Nilifungua mlango kwa kujiegemeza, nikarudi ndani kwa kutambaa. Mtoto alikuwa ametapika kwenye mkeka na hakuitika nilipomwita. Mama aliushika mkono wangu, lakini hakuweza kuinuka. Niliwaburuta mmoja baada ya mwingine hadi uani, na majirani wakatusaidia kuwafikisha hospitalini. Walipona, namshukuru Mungu, ila mama alilalamika kichwa na usahaulifu kwa wiki kadhaa. Niliporudi nyumbani nilichokoa majivu kwa kijiti: chini yake makaa yalikuwa bado mekundu, na kibati kimefunga bomba vilevile nilivyokiacha.

Kilichotupata ni kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hutoka kwa wingi pale makaa yanapokosa hewa ya kutosha. Huishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu huendelea kupumua huku mwili wake ukikosa hewa. Moshi unakuchoma macho na kukutoa nje kwa kukohoa; hii inakuacha usingizini. Ndiyo maana kauli ya kwamba moshi ukiisha hatari imeisha inanikasirisha hadi leo. Fundi wangu aliitamka kwa uhakika wa mtu aliyejenga majiko mengi, akapokea fedha yake, na nilipomfuata kumweleza yaliyotokea alinijibu kwamba wengine wanafunga na hawajadhurika. Mtu anayeuza kifaa cha kuziba njia ya hewa katika chumba cha kulala watoto alipaswa kujua makaa ni nini.

Kwa hiyo bomba libaki wazi, tangu unapowasha moto hadi majivu yamepoa kiasi cha kuyashika kwa mkono. Ukitaka kupunguza moto, punguza kuni. Lipande wima, lipite paa na kuzidi kilele kwa sentimita 60, maana likiishia chini ya kilele upepo huusukuma moshi urudi ndani. Na kama paa ni la makuti, bomba la bati tupu likae mbali nayo, angalau sentimita 45. Bibi asilale chumba chenye jiko, na tundu moja la dirisha lisizibwe hata kama baridi ni kali, mwongezee blanketi.

Fundi akija, mwombe akuonyeshe bomba kabla hajalipandisha, uingize mkono mwenyewe na kuhakikisha hakuna kibati ndani. Akisema kwamba amekiweka ila hutalazimika kukitumia, akitoe. Kuna usiku wa Julai ambapo baridi itakushawishi.