Nani Ataona Dirisha Halijafunguliwa?

Siku ya nne ya homa niliamka nimelowa jasho, kichwa chepesi, nikajiambia nimepona. Nilikuwa na miezi mitano tu kisiwani. Nikanywa maji, nikajifunika tena. Sikujua kuwa kwa kidingapopo, yaani homa ya dengue niliyokuwa nayo, homa ikishuka ndipo pa kuogopa: kati ya siku ya tatu na ya saba mishipa ya damu inaweza kuanza kuvuja, tumbo likauma, mtu akatapika na fizi zikatoa damu. Na mimi siku tatu zote nilikuwa nameza aspirini, dawa ambayo kwa ugonjwa huo huongeza hatari ya kuvuja damu. Aliyeniwahi ni mzee mshona nyavu wa jirani. Aliona dirisha langu la mbele limefungwa mpaka saa nne asubuhi, akaja kugonga. Hakujibiwa, akaendelea kugonga.

Kwa hiyo ninyi mnaofungasha kwenda kustaafu peke yenu kwenye kisiwa cha joto ugenini, acheni kwanza habari ya ufuo. Ufuo mtauzoea kwa wiki mbili. Jiulizeni: siku nisipoonekana, nani atajua, na itamchukua saa ngapi?

Hilo la saa ni la kupimwa, halikadiriwi. Nilipopata nguvu nilikaa na kalamu nikaandika: kutoka mlangoni kwangu hadi gatini, kutoka gatini hadi ng'ambo, kutoka ng'ambo hadi hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Halafu nikaandika tena, safari hii ikiwa ni usiku wa manane na bahari imechafuka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu kiharusi kianze. Linganisha muda huo na ratiba ya boti kabla hujaipenda nyumba. Uliza pia kama bima yako inalipia ndege ya wagonjwa, maana nyingi huishia mpakani. Mmarekani, kwa mfano, Medicare yake, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kwa kawaida haimfuati nje ya nchi. Kama unatumia insulini, akiba yake inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na umeme wa kisiwani una tabia zake.

Usinunue nyumba. Panga, tena mwaka mzima, na mwaka huo uingie msimu mbaya. Karibiani msimu wa vimbunga unahesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30; kusini mwa Ikweta huwa zaidi Novemba hadi Aprili. Visiwa vilivyo karibu kabisa na Ikweta, ndani ya nyuzi 5 hivi za latitudo, vimbunga ni nadra, lakini mvua na unyevu ni vilevile: viatu vya ngozi huota ukungu kabatini, na chumvi hula bawaba za mlango ukiwa unaziangalia. Aliyekuja likizo mara tatu, zote wakati wa kiangazi, hajakiona kisiwa bado.

Kuna sababu nyingine ya kupanga. Thailand na Ufilipino, mgeni kwa kawaida hamiliki ardhi. Fiji sehemu kubwa ya ardhi ni ya koo za wenyeji na haiuzwi, inakodishwa tu. Hapo ndipo mtu aliye peke yake hunaswa. Anampata rafiki mwenyeji, mcheshi, mkarimu, anaambiwa "andika kwa jina langu, ni karatasi tu." Siku mkikosana, karatasi ndiyo nyumba. Sisemi wenyeji ni walaghai. Wageni wenzako nao wana mikataba yao ya vichochoroni. Lipa wakili asiyefanya kazi na muuzaji.

Pensheni nayo ichunguze. Ya serikali ya Uingereza hupanda kila mwaka kwa anayeishi baadhi ya nchi, na kwa nyingine hubaki palepale ilipokuwa siku ulipohamia au kuanza kuipokea. Barbados na Mauritius hupanda, Thailand haipandi. Kwa mtu wa miaka 66 anayetarajia kufika 90, tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa sana.

Sasa jioni. Hili hakuna aliyeniambia. Kwenye tropiki jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, na giza huingia kama mtu kafunika chungu. Kuanzia saa moja mpaka usingizi uje kuna saa tatu, nne, kila siku, na hamna wa kuzipitisha nawe. Nimeona watu wazima, waliokuwa wakuu wa idara, wakianza na chupa ya saa kumi na mbili. Baada ya miezi sita ilikuwa chupa ya saa nane. Mimi iliponikaribia nilienda kumwomba mzee wa nyavu anifundishe kushona. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwangu jembe lilikuwa sindano ya mbao. Nilishona vibaya sana, wakacheka, na katika kucheka huko nikajifunza lugha kuliko kwenye kitabu. Wageni wenzako ni watu wazuri ila huondoka: mjukuu kazaliwa, goti limeharibika, hela zimepungua. Usijenge urafiki wote juu yao.

Na mambo ya kufa yamalize ukiwa mzima. Wasia huku na wasia nyumbani, uandaliwe na wanasheria wanaojuana ili mmoja usifute mwingine. Hati ya uwakili kwa mtu mmoja unayemwamini. Karatasi ukutani, kwa lugha ya kisiwani, yenye dawa zako, mzio, namba ya simu ya ndugu. Ufunguo wa akiba kwa jirani.

Mimi na mzee tulipatana: dirisha la mbele nilifungue kabla ya saa mbili asubuhi. Akisafiri huniachia mjukuu wake, naye hugonga saa kumi na mbili na nusu alfajiri, dirisha liwe wazi au lisiwe.