Timu Imehama Oakland: Je, Fedha Zimeiua Besiboli?

SWALI

Salamu, Mwandishi. Naishi Oakland, California, tangu ujana wangu, na besiboli ndiyo iliyonifanya niuone mji huu kuwa kwetu. Nilikuwa nakaa kwenye viti vya bei nafuu, upande wa kulia kabisa, pamoja na wapiga ngoma. Sasa timu imehama. Jezi zina nembo za makampuni, mechi zimetawanywa kwenye huduma za kulipia hata sijui leo nitazame wapi, na kila mara nahimizwa nibeti. Wachezaji wanalipwa mamia ya mamilioni. Hata saa ya kumpimia mrushaji muda wameweka, katika mchezo ambao haukuwahi kuwa na saa! Mwanangu anasema besiboli ilikuwa biashara tangu mwanzo, na kwamba kinachonisumbua ni uzee. Nani kati yetu yuko sahihi?

Msomaji wenu, Oakland

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Kijana anaijua historia, lakini jibu lake halifiki pale panapokuuma.

Tumpe kwanza haki yake. Athletics, timu yako hiyo, walianza kucheza Philadelphia mwaka 1901, wakahamia Kansas City baada ya msimu wa 1954, na mwaka 1968 mmiliki wao Charlie Finley akawapeleka Oakland. Furaha yako ya kwanza ilikuwa msiba wa shabiki wa Kansas City. Finley huyohuyo, baada ya Oakland kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1972 hadi 1974, alijaribu mwaka 1976 kuwauza nyota wake Vida Blue, Rollie Fingers na Joe Rudi kwa fedha taslimu, na kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, ndiye aliyemzuia. Watu wa Brooklyn nao waliachwa mwaka 1957, Dodgers walipofunga virago kwenda Los Angeles. Enzi ya wamiliki walioendesha timu kwa mapenzi matupu haikuwahi kuwapo.

Kilichobadilika ni mahali fedha zinapotoka. Finley, pamoja na ubahili wake wote, alihitaji wewe ununue tiketi. Leo klabu zote 30 za Ligi Kuu zinagawana sawasawa fedha za televisheni ya taifa. Zaidi ya hapo, kila klabu hutoa asilimia 48 ya mapato halisi ya eneo lake, yakawekwa kwenye mfuko mmoja na kugawanywa sawa. Klabu yenye mapato madogo hutoka pale na zaidi ya ilichoweka. Nia ya mpango huo ni njema, ili timu ndogo iweze kushindana na New York. Lakini umempa mmiliki asiye na haya njia ya kupanga kikosi cha bei rahisi, kuacha uwanja uchakae, na bado akapokea mgawo wake. Kiti chako kikibaki kitupu, hesabu zake hazitikisiki sana.

Tarehe 13 Juni 2023 mashabiki wa Oakland walilithibitisha hilo mbele ya nchi nzima. Walikuja 27,759, wengi wamevaa fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka mmiliki, John Fisher, auze timu. Athletics wakawafunga Tampa Bay 2 kwa 1. Siku ileile Seneti ya Nevada ikapitisha muswada wa kutoa hadi dola milioni 380 za umma kwa uwanja wa Las Vegas. Novemba wamiliki wa klabu wakapiga kura kuidhinisha kuhama: 30 kwa 0. Watu walifurika uwanjani kwa sababu walikuwa wameambiwa kosa lao ni kutojaza uwanja, na haikusaidia kitu. Mzee wangu, huo si uzee. Umependa kitu kinachoweza kuendelea bila wewe, na waliokishika wamekuonyesha hivyo waziwazi.

Kuhusu mishahara, nakuomba usiwalaumu wachezaji. Mchezaji Curt Flood alikataa mwaka 1969 kuhamishwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia kama mzigo, akafungua kesi, akashindwa Mahakama ya Juu mwaka 1972, na kipaji chake kikaishia humo. Wenzake walipata uhuru wa kuchagua timu kwa uamuzi wa msuluhishi mwaka 1975. Dola milioni 700 za mkataba wa mchezaji Shohei Ohtani ni nyingi mno, lakini asipozipokea yeye hazitarudi kwenye bei ya tiketi yako. Zitabaki kwa mmiliki.

Kwenye saa tunatofautiana. Wastani wa mechi ulishuka kutoka saa 3 na dakika 4 mwaka 2022 hadi saa 2 na dakika 40 mwaka 2023, saa hiyo ilipoanza kutumika. Muda uliopotea ni ule wa mrushaji kuzungukazunguka na mpigaji kufunga na kufungua glavu zake. Mchezo umerudi kwenye mwendo ulioujua ujanani.

Kwenye kamari niko nawe kabisa, na hasira yangu huenda inaizidi yako. Ligi iliyomfungia nyota Pete Rose mwaka 1989 kwa kubeti sasa ina makampuni ya kubeti kama washirika rasmi, tangu Mahakama ya Juu ilipoondoa marufuku ya shirikisho mwaka 2018. Juni 2024 mchezaji Tucupita Marcano alifungiwa maisha kwa kubeti kwenye besiboli, zikiwemo mechi za timu yake mwenyewe. Huwezi kumtangazia mtoto kamari kila mapumziko halafu ukashangaa mchezaji kijana anapobeti.

Uliniuliza nani yuko sahihi, lakini nadhani unataka pia kujua uende wapi. Nenda Raimondi Park, Oakland Magharibi. Tangu 2024 wanacheza pale Oakland Ballers, timu ya Pioneer League, ligi ndogo ya kulipwa, iliyowauzia mashabiki wa kawaida hisa, na mwaka 2025 ikachukua ubingwa wa ligi hiyo. Kiwango si cha Ligi Kuu, wala sitakudanganya kwamba utawaona nyota kama Rickey Henderson. Utaona vijana wanaotafuta nafasi, katika uwanja mdogo ambamo mtu mmoja asipofika pengo lake linaonekana. Msimu wao huanza Mei. Mchukue na mwanao.