Kabla ya kutafsiri "charge", tafuta mzigo

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kutafsiri kwa malipo, nililetewa barua ya wakili yenye maneno "all charges were dropped", nami, kwa kuwa wiki nzima nilikuwa nimeshinda na ankara za hospitali, niliandika bila kusita kwamba gharama zote zilifutwa. Mteja, ambaye kumbe alikuwa amefutiwa mashtaka mahakamani, aliniuliza kwa upole ni deni gani hilo alilosamehewa.

Kamusi ilikuwa imenipa orodha ya maana: malipo, shtaka, dhamana, umeme, shambulio. Orodha hiyo haikunifaa kwa sababu haikuonyesha undugu wa maana hizo, na undugu huo niliupata katika asili ya neno. Warumi waliazima kwa Waselti, watu wa kale wa Ulaya, neno "carrus", yaani gari la kukokotwa, na Kilatini cha baadaye kikazaa kitenzi "carricare", kupakia mzigo garini. Wafaransa wa kale walilifanya "chargier", na kwao Waingereza wakalipata, baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuwatawala kuanzia mwaka 1066. (Gari letu halimo katika ukoo huo, lilitujia kutoka Bara Hindi.)

Ukishaushika mzigo, mengi yanafunguka. Anayetozwa ametwikwa malipo, na anayeshtakiwa ametwikwa tuhuma. Gobori hushindiliwa baruti, na kipimo hicho cha baruti huitwa "charge". Karne ya 18 wachunguzi wa umeme, akiwemo Benjamin Franklin, walilitumia neno hilohilo kwa kuijaza umeme chupa ya Leyden, chombo cha kale cha kuhifadhia umeme, nasi leo tunachaji simu. Nyati anapomvamia mtu, kitenzi ni hichohicho, lakini hapo muktadha haumpotezi mtafsiri.

Panapopoteza ni kwenye maneno jirani, na ushauri wangu ni kuyasoma hayo kwanza. "Charged with" ikifuatwa na kosa, kama wizi, mtu ameshtakiwa. Ikifuatwa na kazi, kama kulinda msitu, amekabidhiwa jukumu. "Without charge" ni hatari zaidi, kwa kuwa mgonjwa aliyetibiwa hivyo ametibiwa bila malipo, ilhali mahabusu aliyeshikiliwa hivyo hajafunguliwa mashtaka, na mtafsiri anayekwenda mbio huweza kuandika kwamba mahabusu huyo alishikiliwa bure, sentensi ambayo kwa Kiswahili inasomeka vizuri na kumaanisha jambo jingine kabisa. Kuhusu "in charge", usihangaike kubuni, kwani serikalini Tanzania tayari kuna mganga mfawidhi, hakimu mfawidhi na jaji mfawidhi. Nalipenda neno hilo, kwa kuwa kufawidhi ni kumkabidhi mtu madaraka, na hivyo linabeba wazo la kutwikwa bila kuiga Kiingereza. Katika fizikia, acha chaji iwe chaji, hasi au chanya. Anayelazimisha "mzigo wa umeme" humchanganya mwanafunzi, maana mafundi hulitumia neno mzigo kwa vyombo vinavyokula umeme.

Siku hizi, kabla ya kukabidhi kazi, huamuru kompyuta initafutie kila "charge" iliyomo katika matini ya Kiingereza, kisha naisoma sentensi yake pamoja na tafsiri yangu, moja baada ya nyingine, hata kama mteja anasubiri mlangoni.