Maswali ya Karakana: Magnesiamu na Uchafu Wake

Shikamoo mzee. Nilinunua bodi za cheinso kwa watu wa skrepa nikidhani ni aluminiamu, nikaziyeyusha kwenye sufuria ya stenlesi. Kipande nilichosubu nimekivunja, ndani kina michirizi myeusi. Ni nini? – Fundi, Kizota

Marahaba. Shukuru Mungu karakana haikuungua, maana bodi nyingi za cheinso ni magnesiamu, na ikishayeyuka hushika moto ikikutana na hewa. Michirizi hiyo ni oksaidi, yaani ngozi inayotokea metali ikiungana na oksijeni ya hewani. Aluminiamu ya moto hujivika ngozi inayozuia hewa. Ngozi ya magnesiamu haizibi. Ukimimina kwa kishindo inakunjika na kuzama ndani, na pande za mkunjo hazigandani. Kipande kitapasukia hapo hapo. Viwandani hufunika metali kwa gesi maalumu, humimina taratibu, tena kupitia wavu wa chuma.

Lakini mimi sufuria ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Stenlesi nyingi zina nikeli, na nikeli huyeyukia ndani ya magnesiamu. AZ91D, aloi (mchanganyiko) ya magnesiamu inayosubiwa sana duniani, hairuhusiwi kuzidisha nikeli asilimia 0.002. Ikishaingia huna namna ya kuichota. Wenye kazi yao hutumia chungu cha chuma cha kawaida kisicho na nikeli.

Kava ya mashine yetu ilikaa safi kiangazi kizima. Mvua za Desemba zilipoanza ikaota unga mweupe na vishimo. Muuzaji anasema ni maji ya kisima, yana chumvi. – Mama Neema, Mpwapwa

Muuzaji hajasema uongo, ila amesema nusu. Ukame wetu huficha ubovu wa magnesiamu miezi mingi, ndiyo maana mtu ananunua Juni na kulia Januari.

Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe, kisha iweke mahali penye unyevunyevu bila kuigusisha maji ya kisima. Ukiona vitone vinatoa jasho palepale pa mwanzo, ndani mna mabaki ya chumvi za kloridi ambazo msubuji alitumia kufunika metali ya moto. Hunyonya unyevu hewani na kula metali kutokea ndani, rangi haitasaidia. Ikiliwa uso mzima, shuku chuma, shaba au nikeli. Kila chembe ya chuma inafanya kazi ya betri ndogo, na kinacholika ni magnesiamu iliyoizunguka. Kwa AZ91D mwisho wa chuma ni asilimia 0.005, yaani gramu 50 kwa tani nzima! Kava hiyo mrudishie muuzaji.

Nikikwangua povu la juu ya magnesiamu iliyoyeyuka si inatosha? – Msomaji, Singida

Hapana. Oksaidi ya magnesiamu ni nzito kuliko metali yenyewe, kwa hiyo nyingi inazama. Unaiacha metali itulie, unamimina ya juu, ya chini hugusi. Manganisi, metali nyingine, huongezwa makusudi ikamate chuma na kushuka nacho chini. Nikeli haikamatwi hivyo.

Ikiwaka, maji yapo karibu. Nimwage? – Kijana wa Kondoa

Usithubutu. Maji hutoa haidrojeni na kulipuka, na mtungi wa kaboni dioksaidi hauzimi kitu. Unahitajika unga maalumu wa moto wa metali. Kama huna, toka, wasogeze watu mbali, piga 114 uwaambie zimamoto ni magnesiamu kabla hawajafungua mpira.