Kuelimisha mtaa kuhusu himofilia: anzia shuleni

Dada wa Kayole, nimekusoma. Mwanao wa darasa la tano ana himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri; majirani wananong'ona kuwa ni laana, nawe unataka kuitisha mkutano wa mtaa tarehe 17 Aprili, Siku ya Himofilia Duniani.

Mimi ningeanza na shule. Mwalimu ndiye anayeshinda na mtoto. Mpe karatasi moja yenye aina ya himofilia, namba yako ya simu na maagizo mafupi: akigongwa kichwa apelekwe hospitali papo hapo, hata kama anacheka; goti likivimba, barafu na simu kwako; asipewe aspirini wala ibuprofeni, wala asidungwe sindano ya msuli kabla daktari wake hajaulizwa.

Kisha chama na kanisa. Hapo zungumzia tohara, maana familia kadhaa hushtukia hapo kwamba damu haikomi. Ukoo wenye historia ya kuvuja damu upime watoto kwanza. Wasichana pia wapimwe: hedhi nzito kupita kiasi yaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa von Willebrand, ugonjwa mwingine wa damu kutoganda vizuri. Wakikulaumu wewe mama kwamba ndiwe uliyemrithisha, waambie karibu thuluthi moja ya visa huzuka bila historia yoyote katika ukoo.

Maswali ya dozi za dawa usiyajibu wewe. Omba muuguzi wa kliniki ya himofilia ya Hospitali ya Kenyatta aje. Na picha ya mwanao usiirushe WhatsApp kabla hujamuuliza mwenyewe. Ndiye atakayetaniwa darasani Jumatatu.