Mwanangu, mwache shangazi yako alie

Mwanangu,

Umeniuliza kama tumwombe daktari ampe shangazi yako dawa ya sonona, kwa kuwa umesoma kwamba inazipa nguvu seli za kinga zinazopigana na saratani. Umesoma sawasawa. Ila tangu barua yako ifike, mimi nawaza machozi yake tu.

Siku ile mama yako alipokuwa amelazwa, wewe ulikuwa shuleni. Mgeni mmoja alimkuta analia, akavuta kiti, akamwambia, "Acha huzuni, huzuni ndiyo inayolisha ugonjwa." Mama yako akajifuta uso kwa ncha ya shuka, akamwomba radhi. Yeye mgonjwa, ndiye aombe radhi! Hakulia tena mbele ya mtu, hata mbele yangu. Mgeni yule sijamsamehe mpaka leo.

Ndiyo maana utafiti huo ulinigusa. Mwaka 2021, kundi la Lili Yang katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilionyesha kwamba seli T, ambazo ni seli za kinga, hujitengenezea serotonini, kemikali ya mwili inayohusishwa na hisia, nayo huzichochea kuushambulia uvimbe. Kisha kimeng'enya kiitwacho MAO-A huivunja. Panya walipopewa dawa za zamani za sonona zinazokizuia kimeng'enya hicho, uvimbe ulikua polepole zaidi. Mwaka 2025 kundi hilohilo likaonyesha, kwa panya pia, kwamba dawa za sonona zinazotumika sana siku hizi huzuia seli T zisiinyonye tena serotonini hiyo, ikabaki nje ikiendelea kuzichochea. Unaona? Kazi yote inafanyika palepale kwenye uvimbe. Haingoji mgonjwa achangamke.

Utaniuliza, na noradrenalini, ile homoni ya msongo, je? Kweli, mtu akiwa na msongo homoni hiyo humwagika kwa wingi, ikashika vipokezi vya beta, yaani milango inayopokea ujumbe wake, kwenye seli T na kuzilegeza. Ndiyo sababu watafiti wanazijaribu dawa za moyo zinazoziba vipokezi hivyo, kama propranololi. Basi hofu ina njia yake mwilini, siwezi kukataa. Lakini ukimkataza mtu kulia, hofu haiondoki. Unamwongezea kazi ya kuificha. Mgonjwa haombi radhi. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo na narudia: mgonjwa haombi radhi.

Sasa hiyo dawa. Shangazi yako anameza tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, na baadhi ya dawa za sonona, kama paroksetini na fluoksetini, huzuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa dawa yenye nguvu kamili. Asimeze chochote kabla daktari wake wa saratani hajaziona dawa zake zote. Moyo wangu unataka kukuandikia "apewe," unataka sana, maana ni dada yangu. Lakini panya ni panya, siandiki. Daktari akiona ampe kwa ajili ya huzuni yenyewe, basi ampe. Huzuni yake ni sababu ya kutosha.

Baba yako