Taa za uwanja wetu: ushauri kwa vyama vyetu vya Australia

Juzi kaka mmoja wa chama cha Waswahili katika mji mwingine alinipigia simu jioni, sauti imechoka. Mwaka mzima wanatafuta chumba cha kufundishia watoto Kiswahili siku za Jumamosi. Mbunge anawatuma halmashauri, halmashauri inasema inasubiri pesa za Canberra, yaani za serikali kuu, na Canberra nako hawajui wamwandikie nani. "Dada, tunapigwa danadana," akaniambia. Nikacheka, maana na sisi tulipigwa hiyo danadana miaka miwili tukitafuta taa za uwanja wa mpira. Nilimuahidi kuandika tulivyojinasua, kwa faida yake na ya wengine walioko Australia.

Mimi ni katibu wa chama chetu katika mji wa kaskazini mwa jimbo la Victoria. Nimezaliwa Kigoma, lakini wenzangu wengi ni Wakongo na Warundi, na karibu nusu yetu tulifahamiana tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mwaka 2018 tulikuwa na vijana zaidi ya arobaini wanaotaka kufanya mazoezi jioni. Mwezi Juni huku, saa kumi na moja na nusu giza limeshashika, na wengi wao wanatoka kazini kwenye viwanda vya matunda saa kumi. Walikuwa wanacheza kwa taa za magari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwandikia mbunge wa bunge la taifa barua ndefu, ya heshima zote, kama zile tulizokuwa tunawaandikia UNHCR kambini. Jibu lilikuja baada ya wiki sita: uwanja ni mali ya halmashauri, tafadhali waoneni wao. Tukaenda. Afisa aliyetupokea alikuwa mpole, akatupa chai, akasema bajeti imeshafungwa na mradi kama wetu hutegemea ruzuku ya serikali kuu au ya jimbo. Tukatoka pale mwenyekiti wetu ananung'unika kwamba tumefukuzwa kwa adabu. Nchi tajiri kama hii, halmashauri ikose pesa za nguzo nne?

Kumbe yule afisa alikuwa anasema kweli. Niliijua siku nilipokaa na taarifa yao ya fedha ya mwaka, iko wazi kwenye tovuti yao, nikasoma ukurasa wa mapato tu. Nakusihi na wewe uanzie hapo. Ukurasa mmoja.

Utakachokiona ni hiki. Fungu kubwa ni kodi ya majengo na ardhi, ambayo huku wanaiita reti. Sisi wapangaji hatuioni karatasi yake, inakwenda kwa mwenye nyumba, ndiyo maana wengi wetu tunaingia ofisi za halmashauri tumeinama kama watu wasiochangia kitu. Kodi ya nyumba unayolipa kila wiki ina reti ndani yake. Inua kichwa. (Tanzania siku hizi kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, hata mpangaji anaisikia ikimuuma. Huku imefichwa.) Lakini halmashauri haiwezi kuipandisha reti itakavyo: Victoria kuna kikomo kinachowekwa na serikali ya jimbo kila mwaka tangu mwaka wa fedha 2016/17, na kwa 2024/25 kilikuwa asilimia 2.75. Kwa hiyo bei ya lami ikipanda kwa kasi kuliko hapo, shimo linabaki.

Shimo hilo ndilo linalozibwa na ruzuku. Ya serikali kuu iliyo ya zamani kuliko zote inaitwa Financial Assistance Grants. Ilianza mwaka 1974, enzi za Waziri Mkuu Gough Whitlam, na leo inaongozwa na sheria ya mwaka 1995. Ni zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka kwa halmashauri zaidi ya 500 za nchi nzima. Ina mafungu mawili, la jumla na la barabara. Fungu la jumla linagawanywa kwa majimbo kufuata idadi ya watu, kisha ndani ya kila jimbo kuna tume inayopima nani anahitaji zaidi: nani ana watu wachache na barabara ndefu, nani ana wazee wengi, nani hana viwanda vya kutoza reti. Hata halmashauri tajiri ya mjini haikosi kabisa, inapata angalau asilimia 30 ya kile ambacho ingepata kama fungu lingegawanywa kwa vichwa. Halmashauri za mashambani ndizo zinazoiegemea hasa.

Jambo la kushika hapa: pesa hizi haziji na masharti. Zikishafika zinaingia kwenye chungu kimoja na reti, na madiwani ndio wanaoamua. Hata fungu la barabara si lazima litumike kwenye barabara. Kwa hiyo ukiambiwa "pesa za Canberra zimekuja", usiende kuwauliza Canberra. Nenda kwenye bajeti ya halmashauri.

Kwa nini basi halmashauri zinalia? Sababu moja ni hesabu. Mwaka 1996 ruzuku hii ilikuwa kama asilimia moja ya kodi zote zinazokusanywa na serikali kuu. Sasa ni karibu nusu ya hapo. Mwaka 2014 serikali ya wakati huo ilisimamisha nyongeza yake kwa miaka mitatu, na pengo lile halikurudishwa. Muungano wa halmashauri, ALGA, unaomba ile asilimia moja irudi, kila mwaka, kwa sauti ileile. Wakati huohuo halmashauri ndizo zenye takriban robo tatu ya urefu wa barabara zote za nchi.

Sababu nyingine ni ya kisheria na ilinishangaza sana. Katiba ya Australia haizitaji halmashauri hata kwa neno moja. Sisi tuliotoka Tanzania tumezoea ibara ya 145 na 146 za katiba yetu zinazozitaja serikali za mitaa, Wakenya wana kaunti zao na ile asilimia 15 ya mapato ya taifa isiyopungua. Huku halmashauri ni mtoto wa sheria ya jimbo, na jimbo likitaka linaweza kuivunja au kuiunganisha na jirani. Walijaribu kurekebisha kwa kura ya maoni mwaka 1974, ikashindwa. Wakajaribu tena 1988, ikaanguka katika majimbo yote, waliosema ndiyo wakiwa kama theluthi moja tu. Ya tatu ilipangwa mwaka 2013, tarehe ya uchaguzi ikasogezwa na kura yenyewe ikaishia njiani. Ndiyo maana mbunge wako wa Canberra hawezi kumwamuru diwani, na diwani hana haki ya kudai chochote Canberra. Kila mmoja anaomba. Hukudanganywa kaka, ulikuwa unapanga foleni na waombaji wenzako.

Ukilielewa hilo, mengine yanakuwa kazi ya kujua mlango upi unafunguka lini.

Kuna pesa zenye jina la kazi. Roads to Recovery, iliyoanza mwaka 2001, ni ya barabara na inakwenda kwa halmashauri zote. Usipoteze muda kuiombea taa au chumba. Black Spot ni ya kurekebisha mahali penye ajali nyingi, na hii watu wetu hawaijui: raia wa kawaida au kikundi anaweza kupendekeza sehemu. Kama kwenye kivuko cha mbele ya kanisa lenu watoto wameshagongwa, pendekezeni. Ila wanaangalia kumbukumbu za ajali zilizoumiza watu, kwa hiyo acheni ile tabia ya kumalizana barabarani bila kuripoti polisi. Ajali isiyoandikwa haikutokea.

Kisha kuna ruzuku ndogo za vikundi, nyingine za halmashauri yenyewe, nyingine za serikali kuu, zinazotangazwa kwenye tovuti ya GrantConnect. Hapa ndipo tulipojikwaa vibaya. Maombi yetu ya kwanza yalikataliwa ndani ya siku tano, hawakufika hata kwenye kuyasoma. Chama hakikuwa kimesajiliwa. Hatukuwa na ABN, ile namba ya utambulisho wa biashara au chama. Hatukuwa na bima ya kumlipa mtu akiumia kwenye shughuli yetu. Na nusu ya bajeti yetu ilikuwa chakula, maana mimi nilidhani mkutano bila pilau si mkutano. Kusajili chama Victoria kunataka wanachama watano tu, kwa hiyo hakuna udhuru. Kama bado hamjasajiliwa, tafuteni chama kingine kilichosajiliwa kiwe mlezi: wao wanashika pesa kwa jina lao, nyinyi mnafanya kazi. Sisi tulilelewa na kituo kimoja cha jamii cha mtaani kwa mwaka mmoja. Andikianeni mkataba, hata kama mnapendana.

Mkono mtupu haulambwi. Karibu kila ruzuku inauliza mtachangia nini, na sisi tulikuwa tunaandika "hatuna". Mama mmoja wa Uvira, hajasoma sana lakini akili yake ni kisu, akauliza: na zile Jumamosi tunazofagia uwanja, si pesa? Ni pesa kweli. Saa za kujitolea zinahesabika kwenye fomu nyingi. Tukaanza daftari: jina, tarehe, saa. Baada ya miezi sita tulikuwa na mchango ambao mtu wa ofisini anausoma na kukaa sawa kwenye kiti.

Sasa nije kwenye taa.

Baada ya kukataliwa, yule afisa mpole alitupa ushauri ambao nauona wa thamani kuliko ruzuku. Alisema: hata kama hakuna pesa, fanyeni mradi uwe tayari. Halmashauri ikakubali kumtuma fundi apime nguzo na umeme, tukapata mchoro na makadirio ya gharama. Tukakusanya barua za kuunga mkono, kutoka shule, kutoka klabu ya kriketi ya Wahindi inayotumia uwanja uleule, kutoka kwa polisi wa mji. Mradi ukaingizwa kwenye mpango wa viwanja wa halmashauri, mstari mmoja, bila pesa mbele yake. Mwenyekiti wetu alikasirika: mstari bila pesa ni nini? Mimi mwenyewe sikuwa na jibu zuri.

Jibu lilikuja Mei 2020. Corona imefunga kila kitu, serikali kuu ikatangaza dola milioni 500 kwa halmashauri zote za nchi, mpango wa Local Roads and Community Infrastructure, ili watu wapate kazi. Masharti yalikuwa mawili yaliyotufaa kana kwamba yametungwa kwa ajili yetu. Kazi imalizike haraka, kufikia Juni 2021. Na iwe kazi ambayo haimo tayari kwenye bajeti ya mwaka huo, isije halmashauri ikachukua pesa za Canberra kulipia kilekile ilichokuwa inafanya. Halmashauri zikakimbilia kwenye droo kutafuta miradi iliyokwisha kuchorwa na kupigiwa hesabu lakini haina pesa. Wetu ulikuwemo. Miradi mikubwa na mizuri kuliko wetu iliachwa kwa sababu ilikuwa bado maneno tu.

Mpango ule umeshakwisha, usiutafute. Lakini serikali hubadilika, mafuriko huja, uchaguzi huja, na kila mara pesa zikitoka ghafla zinatoka na muda mfupi. Kwa hiyo chumba chenu cha Kiswahili kipimwe leo.

Na tarehe zishikeni. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Victoria halmashauri lazima iwe imepitisha bajeti ifikapo tarehe 30 Juni, na rasimu hutolewa kwa wananchi miezi michache kabla, mara nyingi Aprili au Mei. Ukija Agosti na barua nzuri, umekuja msibani baada ya arobaini. Andika maoni mafupi kwenye rasimu, taja ukurasa, kisha uombe nafasi ya kuzungumza. Sisi tulipeleka vijana watatu wakiwa na jezi. Madiwani wanachaguliwa kila miaka minne, uchaguzi ulikuwa Oktoba 2024, ujao ni 2028, na kupiga kura ni lazima kwa raia. Wanajua kuhesabu.

Uvumilivu pia unahitajika. Baada ya mafuriko ya Oktoba 2022 kila ombi letu lilisimama karibu mwaka mzima. Serikali kuu husaidia jimbo hadi asilimia 75 ya gharama za maafa yanayostahili, lakini malipo mengi yanakuja baada ya kazi na karatasi. Halmashauri inatengeneza barabara kwanza, inadai baadaye. Mwaka huo sikuwasumbua. Nilipeleka vijana kujaza mifuko ya mchanga, na saa zao nikaziandika kwenye daftari.

La mwisho ni ripoti ya matumizi. Risiti zote, picha, idadi ya waliohudhuria. Nimeona chama kizuri kikifungiwa mlango kwa sababu mweka hazina alihamia Perth na risiti kwenye begi. Piga picha ya risiti siku ileile, itume kwenye kundi la WhatsApp la viongozi.

Lakini kuna kitu hatukukiuliza mapema, na kaka uliulize kabla ya kusaini: nani atalipa umeme? Canberra hupenda kujenga, haipendi kulipa bili. Taa zetu zinawaka kwa saa, na kila saa inakuja kwenye ankara ya chama. Ndiyo maana mweka hazina wetu huzizima saa tatu kamili usiku, hata kama penalti imeshawekwa.